Siku ya Kurudisha Gari

Anayepanga safari ya wiki mbili katika jangwa la Namib kwa gari la kukodi, lile lenye hema juu ya paa na jiko la gesi nyuma, huanza na ramani na kumaliza na tiketi ya ndege. Siku za mwanzo anazipima kwa uangalifu: leo kilomita hizi, kesho kupumzika, keshokutwa tuingie mchangani. Siku ya mwisho hupewa kilichobaki. Umbali wa kurudi Windhoek, gari lilikokodiwa, ukizidi, unasukumiwa siku hiyo. Kambi nzuri ikikosa nafasi siku nyingine, italalwa usiku wa mwisho, mradi gari lifike ofisini kabla hawajafunga. Ninavyoona mimi, mpangilio huo umekwenda kinyume. Siku ya mwisho ndiyo inayostahili kuwa fupi kuliko zote, yenye barabara nyepesi kuliko zote na saa nyingi za akiba, kwa sababu siku nyingine zote msafiri anaweza kusimama popote akalala, ila siku hiyo kuna mtu anamsubiri na ndege isiyomsubiri.

Tuchukue mfano unaojirudia kila msimu. Msafiri amelala Sesriem, kwenye lango la vilima vya mchanga vya Sossusvlei, sehemu ya bahari ya mchanga ya Namib ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2013. Kambi iliyo ndani ya lango ina faida moja kubwa: wanaolala humo huruhusiwa kuondoka kuelekea mchangani saa moja kabla ya jua kuchomoza, wakati walio nje bado wanasubiri kufunguliwa. Ni vigumu kumlaumu anayetaka asubuhi hiyo ndiyo imfungie safari. Kuna lami ya kilomita 60, kisha mchanga laini wa kilomita 5 ambao gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipiti, kisha mwendo wa miguu hadi Deadvlei, ambako udongo mweupe umekauka na kupasuka, na migunga iliyokufa karne nyingi zilizopita bado imesimama, kwa kuwa hewa ni kavu mno kuiozesha. Mwezi wa Juni jua huchomoza huko karibu saa moja na nusu. Aliyefika mahali kama hapo haangalii saa, na hapaswi kulazimika kuiangalia. Lakini akirudi Sesriem ni saa tano. Akimaliza kuosha vyombo, kukunja hema na kujaza mafuta ni saa sita. Mbele yake kuna kilomita zaidi ya 300 hadi Windhoek, nyingi za changarawe, ambazo dereva makini huzimaliza kwa saa tano hivi. Yuko mjini saa kumi na moja, kama hakuna lolote lililotokea njiani. Uwanja wa ndege wa Hosea Kutako uko kilomita 45 zaidi, mashariki ya mji, na jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache.

Hesabu hiyo haina nafasi hata ya pancha moja. Tena barabara yenyewe si nyepesi kwa sababu tu inaelekea nyumbani. Sesriem iko chini ya ukingo mkali wa milima unaotenganisha jangwa na nyanda za juu za katikati ya nchi, na Windhoek iko kiasi cha mita 1,650 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo njia zote fupi hazina budi kuupanda ukingo huo. Ya kupitia Spreetshoogte ni mojawapo ya zenye mwinuko mkali kuliko zote nchini. Wanaovuta trela wanaonywa wasiitumie. Msafiri huyu, ambaye siku kumi na nne alikuwa akijifunza kuendesha kwenye tambarare, anakutana na mlima mkubwa kuliko yote saa ileile anayochelewa. Akichelewa zaidi, giza linamkuta kwenye barabara za tandala na choroa, wanyama wanaosogea kandokando ya njia jioni. Tandala dume hufikia kilo 250, na hurukia barabarani bila onyo. Ndiyo maana mikataba mingi ya kukodisha magari Namibia inakataza kuendesha usiku nje ya miji, na bima huweza kukataa kulipa ajali ya usiku. Masharti hayo hayakutungwa kumsumbua mgeni. Yameandikwa na watu waliokwisha kuyapokea magari yaliyopondeka mbele.

Gari lenyewe, siku hiyo, si lile lililochukuliwa ofisini, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Tairi moja la akiba pengine limeshatumika. Kioo cha mbele kina alama ya jiwe. Mzigo nao umehama: maji yaliyokuwa kwenye tangi la chini yamekwisha, chakula kilichojaza droo za nyuma kimeliwa, makopo na magaloni yamebaki matupu, ila hema na fremu yake bado viko juu ya paa kama vilivyokuwa. Uzito uliokuwa ukilivuta gari chini umepungua na ule wa juu haukupungua, kwa hiyo gari ambalo tangu mwanzo lilikuwa refu limekuwa jepesi zaidi kupinduka. Tofauti si kubwa na dereva hataihisi kwenye barabara iliyonyooka. Ataihisi pale atakapokata usukani ghafla kumkwepa mbuni au kuifuata kona aliyoiona akiwa amechelewa, huku chini yake kuna changarawe isiyoshika, na gari linakwenda kama lililowekwa juu ya gololi. Sheria ya Namibia inaruhusu mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye changarawe. Kampuni nyingi za kukodisha hushusha hadi 80, na wataalamu wa barabara hizo hawaoni kwamba 80 ni mwendo wa kukokota. Anayechelewa ndege huona hivyo.

Halafu kuna upepo wa matairi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo haraka inapofanya madhara yake kimyakimya. Kwenye mchanga wa Sossusvlei tairi hupunguzwa upepo hadi kiasi cha paundi 20 au chini ya hapo, ili lilale, liwe pana, lielee juu ya mchanga badala ya kuchimba. Kwenye changarawe linaongezwa kidogo. Kwenye lami linarudishwa paundi 30 na zaidi. Kila badiliko lina maana ya kusimama, kutoa kofia za vali, kuunganisha pampu ndogo kwenye betri, kuiacha ikinguruma, kupima kwa geji, kuhamia tairi linalofuata, na kurudia mara nne juani. Ni kazi ya dakika ishirini au nusu saa. Siku za katikati ya safari hakuna anayeinung'unikia. Watoto wanashuka, chai inachemshwa. Siku ya mwisho njia inapita sehemu zote tatu, mchanga, changarawe na lami, kwa hiyo kazi inatakiwa ifanywe mara mbili, na ndiyo siku ambayo dereva hujiambia kwamba atajaza upepo atakapofika kituo cha mafuta. Tairi lenye upepo mdogo likipelekwa kasi ya lami, kuta zake za pembeni hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linajikusanya ndani ya mpira, nyuzi zinaachana, na tairi linapasuka bila dalili ambayo dereva angeiona kutoka kwenye kiti chake. Aliyeokoa nusu saa Sesriem huenda akailipa barabarani kwa bei isiyo na kipimo.

Pingamizi la kwanza linajitokeza hapa, nalo ni la haki: dereva wa siku ya kumi na nne si yule wa siku ya kwanza. Amejifunza kusoma changarawe, anajua gari linavyoyumba, ameshabadilisha tairi. Mazoea si kinga? Ni kinga, lakini hayaji peke yake. Yanakuja na uchovu uliojilimbikiza, na yanakuja na kujiamini kunakokua haraka kuliko ujuzi wenyewe. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature jaribio lililoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini kwa kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia dereva asiendeshe. Anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi mchanga huzifikisha saa hizo 17 saa tatu usiku, na amelala juu ya paa linalotikiswa na upepo kwa wiki mbili kabla ya hapo. Usingizi wa mchana nao, ule unaojulikana na kila dereva wa masafa, huja kati ya saa nane na saa kumi, yaani wakati huyu wetu yuko katikati ya kupanda ukingo wa milima. Ongeza kiu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough waliwapa wanaume wachache maji pungufu kisha wakawaweka kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji. Matokeo yao ya mwaka 2015 yalikuwa makosa mara mbili ya siku waliyokunywa vya kutosha. Ni utafiti mdogo, nami siutegemei peke yake, ila kwa msafiri aliyekwisha kuyamaliza maji ya tangi, akijiambia atakunywa mjini, unaelekea palepale uchovu unapoelekea.

Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu mazoea unatoka kwenye mlima. Mwaka 2008 Paul Firth na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza uchambuzi wa vifo vya mlima Everest kuanzia 1921 hadi 2006. Kati ya wapandaji waliofia juu ya mita 8,000, wengi walikufa wakishuka. Hawa si watu wasioujua mlima. Waliupanda siku hiyohiyo, njia ileile. Kilichobadilika ni kwamba lengo lilikuwa nyuma yao, nguvu zimekwisha, na akili imekwisha kuihesabu safari kuwa imefaulu. Namib haina hewa nyembamba ya Everest na silinganishi hatari hizo mbili kwa ukubwa. Ninacholinganisha ni muundo wake: sehemu ya mwisho haiwi rahisi kwa sababu tu umeshaikubali moyoni kuwa mwisho.

Saa ya ratiba ina nguvu zake juu ya watu wenye akili timamu. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa ziligongana katika ukungu kwenye uwanja wa Tenerife na watu 583 wakafa, ajali iliyoua wengi kuliko nyingine yoyote katika historia ya usafiri wa anga. Miongoni mwa sababu zilizochambuliwa baadaye ni shinikizo la muda kwa wafanyakazi wa ndege ya Uholanzi: sheria za nchi yao za saa za kazi zilikuwa zimekazwa, na wakichelewa zaidi wasingeruhusiwa kurudi Amsterdam siku hiyo. Rubani wake alikuwa miongoni mwa wakufunzi wakuu wa shirika lake. Ikiwa mtu wa aina hiyo anaweza kuanza kupaa bila ruhusa ya kupaa, tusimtegemee mtalii aliyechoka awe na subira zaidi kwenye changarawe.

Jangwani kisa kinachopasa kukumbukwa ni cha Death Valley, California, Julai 1996. Familia ya Wajerumani, watu wazima wawili na watoto wawili, waliingia bonde hilo na gari la abiria la kukodi, wakiwa na siku chache tu kabla ya ndege yao ya kurudi kutoka Los Angeles. Hawakurudi. Oktoba mwaka huohuo gari lao lilionekana limekwama katika Anvil Canyon, korongo lisilofaa kwa gari la namna hiyo, matairi yake yameharibika. Mabaki ya watu wazima yalipatikana mwaka 2009, kilomita kadhaa kutoka hapo. Ukitazama ramani utaona njia za milimani zinazoonekana kukatisha kuelekea magharibi, na utaelewa kwa nini mwenye siku chache angevutwa nazo. Sidai kwamba tarehe ya tiketi ndiyo iliyowaua. Joto la Julai bondeni humo, ambalo hupita nyuzi 45 mara kwa mara, lingetosha kumuua yeyote aliyekwama. Ninachosema ni kwamba njia ya mkato haina mvuto kwa mwenye siku tatu za akiba, na kwamba jangwani kugeuza gari na kurudi ulikotoka ni uamuzi unaohitaji muda, kwa hiyo asiye na muda amekwisha kunyang'anywa uamuzi huo kabla hajawasha injini.

Wazee wa misafara ya pwani waliijua hesabu hii bila kuandika makala. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi katika karne ya 19 ilipofika sehemu zisizo na maji, kama Mgunda Mkali baada ya Ugogo, haikuondoka alfajiri kama siku nyingine. Ilipika na kunywa, ikang'oa kambi alasiri jua likianza kulegea, ikatembea hadi giza, ikalala bila maji na kuyafikia asubuhi iliyofuata. Richard Burton, aliyesafiri nao mwaka 1857, aliieleza desturi hiyo. Sehemu ngumu iligawanywa makusudi ili mwisho wake uangukie asubuhi, wakati wapagazi wameshapumzika na mwanga upo. Hakuna aliyeona kwamba usiku ule wa katikati umepotea bure.

Kuna hoja nyingine inayotolewa mara nyingi kutetea siku ya mwisho iliyo tulivu, nayo ni ya kumbukumbu. Daniel Kahneman na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba watu waliotia mkono katika maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, kisha mara nyingine wakauweka kwa sekunde 60 hizohizo na kuongezewa 30 huku maji yakipashwa kidogo, wengi wao walichagua kuirudia ile ndefu. Mwisho uliolegea ulifunika maumivu ya ziada. Kutoka hapo vitabu vingi vimekimbilia kusema kwamba siku ya mwisho ndiyo inayoamua likizo itakumbukwaje. Hoja hiyo ni tamu, ingenisaidia, na siitumii. Simon Kemp na wenzake waliipima New Zealand kwa likizo za kweli za siku kadhaa, wakachapisha mwaka 2008, na wakakuta kwamba mwisho wa likizo hautabiri vizuri jinsi inavyokumbukwa. Siku iliyokuwa ya ajabu au isiyosahaulika ilitabiri zaidi. Mkono kwenye ndoo ni jambo la dakika moja na nusu. Wiki mbili za maisha ni kitu kingine. Atakayekimbizana na saa siku ya mwisho bado ataikumbuka Deadvlei vizuri kabisa. Swali ni kama atafika nyumbani kuikumbuka.

Wengine watasema zama zimebadilika: kuna simu ya setilaiti, kuna kifaa cha kutoa taarifa za dharura, na njia kuu za Namibia hupitwa na magari mengine kila siku. Ni kweli kwamba vitu hivi vimeokoa watu, na ninamsihi anayekwenda asiache kuvichukua. Lakini vinamwita msaidizi baada ya gari kupinduka, havilizuii lisipinduke. Wengine watasema, kwa haki kabisa, kwamba maelfu hufanya safari hii kwa ratiba ileile ninayoilaumu na hufika salama. Wanafika kwa sababu siku nyingi hakuna linalotokea. Ratiba haipimwi kwa siku ambayo hakuna linalotokea. Hupimwa kwa siku ambayo tairi limepasuka kilomita 60 kutoka kijiji cha Solitaire na la akiba limekwisha kutumika.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la yule anayesema: umeninyima jangwa. Nimeweka akiba miaka mingi, nimepewa likizo ya siku kumi na nne, nawe unataka nilale ya mwisho mjini, kwenye chumba chenye feni. Silidharau hata kidogo, kwa kuwa hamu hiyo ndiyo inayomtoa mtu kwao kuja huku. Jibu langu ni kwamba si lazima jangwa lipungue. Kinachobadilika ni mpangilio wake tu. Mzunguko wa kawaida wa Namibia unaweza kuendeshwa pande zote mbili. Anayekwenda Sossusvlei mwanzoni huupita ukingo wa milima akiwa na nguvu, matairi yote mawili ya akiba hayajaguswa na siku kumi ziko mbele yake za kusimama akitaka. Kisha anapanda kaskazini kwa barabara ya C14, akivuka korongo la Kuiseb hadi pwani, na kulala Swakopmund, ambako Namib inaishia baharini na ukungu wa asubuhi unawafikia wadudu na mimea isiyopata mvua. Bado ni jangwa, na ni sehemu ambayo wanaokimbilia vilima vya mchanga huipita bila kuiangalia. Kutoka hapo hadi Windhoek ni kilomita 360 hivi, lami tupu, barabara ya B2 kupitia Usakos na Karibib hadi Okahandja. Matairi anayajaza upepo jioni ya kuamkia safari, kwenye kituo cha mafuta chenye mashine. Akitoka saa mbili asubuhi yuko Windhoek mchana, hata akisimama kula njiani.

Mchana una faida nyingine ofisini. Kurudisha gari la aina hii si kukabidhi funguo. Mkaguzi huzunguka na karatasi: kioo, taa, matairi, upande wa chini wa gari, hema kama limekunjwa likiwa kavu, gesi, sahani, majembe. Mteja aliyefika jua likizama akiwa na ndege ya usiku hutia saini asichokisoma, juu ya mikwaruzo isiyoonekana gizani, na deni la matengenezo humfuata nyumbani kwenye kadi yake. Aliyefika saa nane huinama pamoja na mkaguzi, huonyesha picha alizopiga siku ya kulichukua, huuliza alama ile ilikuwapo au haikuwapo, na kama kuna ubishi, upo muda wa kuumaliza. Kwa anayehesabu gharama za usiku wa ziada mjini, hiyo nayo iingizwe kwenye hesabu.